Kumbe hata mlezi huulizwa
Jana nilihojiwa kwenye utafiti wa familia zenye watu wenye ulemavu, mdogo wangu ana mtindio wa ubongo sasa nikajua ni yale yale tu, anatembea? anaongea? anakula mwenyewe? Kumbe dada wa watu akaniuliza we unalala saa ngapi, na ukichoka nani anakupokea, jamani nilikaa kimya hadi akazima rekoda 😅 Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. WHO wanasema watu kama bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mmoja kati ya sita, haya piga hesabu walezi nyuma yao. Halafu huyo dada akamgeukia dogo mwenyewe na kadi za picha, unapenda nini? Dogo akachagua muziki, mi nilikuwa nishamjibia mpira.