Hombolo, wakati wa mavuno: mvinyo mwekundu na mbuzi wa kuchoma

Nilichagua Agosti makusudi. Treni ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma ilipopita Kilosa milima ilikuwa bado na kijani, lakini baada ya Kidete na Gulwe nchi ikabadilika kabisa: vumbi jekundu, miiba, mibuyu isiyo na jani hata moja. Kwa asiyejua, ukame wa namna hiyo haufanani na nchi ya matunda. Kumbe zabibu ndiyo inaupenda.

Asubuhi iliyofuata nilipanda gari kwenda Hombolo, kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma. "Mbukwenyi," nilisalimu kwa Kigogo, na mama mwenye shamba akaitikia kwa furaha kisha akanikaribisha moja kwa moja mashambani. Alikata kishada cha Makutupora, zabibu nyekundu iliyopewa jina la kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapo hapo Dodoma. "Usimeze tu, mwanangu. Imenye kwanza." Nilimenya. Ganda nene, jeusi linaloelekea zambarau, likaniachia rangi vidoleni. Nyama ya ndani ilikuwa nyeupe kama maji. Hapo nikaelewa vizuri kuliko maelezo yoyote: wekundu wote wa mvinyo unatoka kwenye ganda. Ndiyo maana zabibu nyekundu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, na ukakasi ule unaokausha ulimi hutoka humo humo, pamoja na kwenye kokwa.

Historia ya zabibu za Dodoma inarudi kwa wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda mizabibu Bihawana, huko huko Dodoma. Mwaka 1957 ndio unaotajwa sana. Walihitaji divai ya misa. Wagogo wakaichukua mizabibu ile wakaifanya zao lao la biashara.

Kinachonivutia zaidi ni kalenda ya shamba. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, haulali. Mkulima akishavuna anaupumzisha kidogo, anakata matawi, anamwagilia, nao unachipua upya. Kwa hiyo kuna mavuno ya Februari na Machi, na mengine ya Agosti na Septemba. Yale ya mwanzo hukutana na mvua, na mvua huleta ukungu wa majani. Haya ya kiangazi hukomaa juani, sukari imejaa. Mimi ningenunua ya kiangazi bila kufikiri mara mbili.

Zabibu haisubiri, na hapo ndipo mkulima anapoumia. Mnunuzi akichelewa, mali inaozea shambani. Baadhi sasa wanasindika wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa kwa ajili ya mvinyo, kwa viwanda. Nilionyeshwa tangi moja likichachuka: povu la waridi juu, maganda yamepanda yakafanya tabaka zito, na kijana akiyasukuma chini kwa mti ili yasikauke. Harufu ya chachu ilijaa chumba kizima.

Jioni tulikaa mezani na mbuzi wa kuchoma, ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Watu wengi nchini wameuzoea mvinyo wa Dodoma ukiwa mtamu, mfano Dompo, na sina ugomvi na utamu. Ila kwa nyama, omba mkavu, yaani usio mtamu. Mafuta ya mbuzi yanaulainisha ukakasi, na ukakasi nao unasafisha mafuta mdomoni, kila tonge linakuwa kama la kwanza. Mlenda wa karanga uliendana nao kuliko nilivyotegemea. Pilipili ya kusaga ndiyo niliiweka pembeni, kwa sababu pombe huzidisha ukali wake. Samaki pia msimpe mvinyo huu. Humwachia ladha ya chuma. Pwani tuna jibu letu: pilau ya ng'ombe, yenye mdalasini na karafuu, inaupokea vizuri sana.

Jambo moja mahoteli yetu yanakosea ni kuuweka mvinyo mwekundu kabatini kwenye joto la nyuzi 30. Kileo kinazidi kusikika, ladha ya matunda inapotea. Utie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, na chupa ikishafunguliwa iishe siku mbili tatu. Ukienda mwenyewe, piga simu shambani kabla ya kusafiri, uliza wanavuna lini, na ufike asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali.