Meza Yangu ya Miguu ya Cherehani na Sakafu ya Kileleshwa

Mwezi Juni 2022, katika yadi moja ya vyuma chakavu nyuma ya soko la Gikomba, niliiona miguu ya cherehani ya Singer ikiwa imelazwa juu ya rundo la mabati na fremu za baiskeli. Kichwa cha mashine hakikuwepo na ubao wa juu ulikuwa umeoza, lakini gurudumu kubwa bado lilizunguka, na kikanyagio chenye jina la kampuni bado kilipanda na kushuka kilipoguswa. Umri wake siwezi kuutaja, kwa sababu namba ambayo ingeonyesha mwaka hugongwa kwenye kichwa, na kichwa kilikuwa kimekwenda zake. Mwenye yadi aliipima kwenye mizani, ikawa kilo 28, akaniuzia kwa bei ile ile ya nondo zilizopinda. Biashara ya vyuma chakavu ilikuwa imefunguliwa tena mwezi uliotangulia, baada ya kupigwa marufuku Januari kwa sababu ya uharibifu wa milingoti ya umeme na reli, kwa hiyo aliandika namba ya kitambulisho changu katika daftari lake na kunipa risiti. Risiti hiyo ninayo hadi leo, na tangu siku hiyo sinunui kipande chochote cha chuma cha zamani bila karatasi, hata muuzaji akinicheka.

Sikuwa nimeanzia kwenye yadi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemwendea fundi mmoja wa nguo, mama wa makamo aliyekuwa akishonea kwenye veranda ya duka, nikamuuliza kama angeniuzia cherehani yake ya kukanyaga. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akanitazama.

“Mama, unatafuta mashine ama unatafuta miguu?”

“Miguu tu, mama. Nataka kutengeneza meza.”

“Basi tafuta iliyokufa. Hii inalisha watu wanne. Utawekaje sahani juu ya unga wa mtu?”

Nilimwomba radhi, naye akanielekeza kule Gikomba. Maneno yake yaliniondolea dhana niliyokuwa nimeibeba kutoka kwenye picha za mtandaoni, ambamo watu wa Ulaya na Marekani huziokota mashine kama hizo kwenye maghala ya mashambani, mahali ambapo hazijaguswa kwa miaka mingi. Nairobi kitu cha zamani mara nyingi bado kiko kazini, na anayekinunua kwa ajili ya urembo anaweza kuwa anakiachisha kazi mapema. Tangu hapo nimejiwekea sharti la kuchukua tu kile ambacho kimekwisha kumaliza kazi yake, au ambacho kiko njiani kwenda motoni.

Lazima nikiri kwamba kabla ya meza hii nilikuwa nimeharibu kabati. Lilikuwa kabati la chini lenye droo tatu, la rangi ya asali, nililonunua kwa shilingi 1,800 kwa jirani aliyekuwa akihama. Nilidhani ni mbao tupu kutoka nje hadi ndani, nikakodi mashine ya kupiga msasa na kuanza kuondoa vanishi. Dakika chache baadaye doa jeupe lilijitokeza katikati ya mlango, likapanuka, na nikaelewa kwamba nilichokuwa nikikipenda kilikuwa utando mwembamba wa mbao nzuri uliobandikwa juu ya mbao hafifu, na kwamba nilikuwa nimekwisha kuutoboa. Utando ukitoboka haurudi. Siku hizi, kabla ya kushika msasa, huvuta droo na kutazama ukingo wa mbao: mistari ya mbao ikipinda kutoka usoni na kuendelea kwenye ukingo, mbao ni nzima, ikikatika ghafla pembeni, ni utando. Kisha hudondosha spiriti kidogo mahali pasipoonekana. Ule mng'aro wa samani za kale uliotokana na shilaki, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwenye spiriti, hulainika na kunata mara moja, nao unaweza kusafishwa kwa kitambaa na spiriti bila msasa wowote. Kabati langu lilikuwa la namna hiyo hasa. Lingepona kwa chupa moja ya spiriti.

Kwenye ile miguu nilikwenda polepole zaidi, ingawa huko nako niliteleza mara moja. Bolti na skrubu nilizilowesha katika siki usiku kucha, asubuhi nikazisugua kwa mswaki wa zamani, nikazisuuza kwa maji yenye magadi na kuzikausha papo hapo juu ya jiko lenye joto, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu upya kabla hujamaliza kunywa chai. Fremu yenyewe ilisafishwa kwa brashi ya waya, ikapakwa oksaidi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Kosa lilikuwa kwenye ufa mdogo wa mguu mmoja. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea vyuma, akauchomelea kama anavyochomelea geti, na usiku ule ule nikasikia mlio mkavu kutoka kwenye kibaraza: mguu ulikuwa umepasuka tena, sentimita mbili kando ya mahali palipochomewa. Chuma cha kusubu kama cha miguu hii, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hakipindi wala hakinyumbuki. Kikichomwa sehemu moja bila kupashwa moto chote, sehemu hiyo hujikunja inapopoa na kuipasua ile iliyo kando yake. Hatimaye mguu ulitobolewa matundu manne, nikafunga kibamba cha chuma kwa bolti upande wa ndani, mahali ambapo mgeni hakioni asipoinama.

Ilibaki sehemu ya juu. Hapo ndipo Kileleshwa inapoingia.

Anayepita mitaa ya Kileleshwa, Kilimani na Parklands anajua jinsi zile nyumba za zamani zilizoezekwa vigae zinavyoondolewa moja baada ya nyingine ili kupisha majengo marefu ya fleti. Nilikuwa nimeiona moja ikibomolewa kando ya barabara ninayopita kwenda kazini. Madirisha ya chuma yalikuwa ya kwanza kuondoka, kisha milango, kisha vigae vya Mangalore, ambavyo bado vina wanunuzi. Sakafu hakuna aliyeitaka. Vipande vyake vya mbao, kila kimoja inchi 9 kwa 3 na unene wa karibu inchi moja, vilikuwa vimerundikwa kando ya geti, na mama aliyekuwa akiwapikia vibarua githeri alikuwa akivitia jikoni kimoja kimoja. Nilikiokota kimoja na kukikwaruza kwa ufunguo. Chini ya uchafu kulikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, na uzito wake mkononi haukuwa wa msonobari. Mama yule alikuwa na haki ya kwanza juu ya kuni zake, kwa hiyo nilimwachia rundo moja, na msimamizi akaniuzia magunia mawili kwa shilingi 1,000.

Seremala niliyemwita, mzee aliyejifunza kazi yake Kariokor, alikata ncha ya kipande kimoja, akakinusa na kusema ni mvule. Nami nilijua kwamba ni mvule siku aliyopitisha randa, kwa maana ghafla lilisikika kwaruzo na ubapa wa randa ukapata pengo. Mvule huhifadhi chokaa ndani ya mwili wake, vijiwe vigumu vyeupe vinavyojificha kwenye mistari ya mbao, na kila fundi aliyewahi kuufanyia kazi ana hadithi ya kifaa alichokipoteza. Vumbi lake pia si la kuchezea, kwani huwasha ngozi na kubana kifua. Mzee alifunga leso puani bila kuambiwa; mimi nilikohoa siku mbili kwa kujifanya shujaa.

Kabla ya randa, hata hivyo, kulikuwa na lami. Vipande vya sakafu za aina hiyo vilibandikwa kwa gundi nyeusi ya lami, na kila kimoja kilikuwa na tabaka lake upande wa chini. Nilijaribu kuitoa kwa msasa, lami ikayeyuka kwa joto la msuguano na kuziba msasa mpya kabla haujafika nusu ya kipande. Nilipouliza zaidi nikaambiwa jambo lililonifanya niache kabisa: baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilichanganywa na asbesto, na kuisaga ikiwa kavu ni kujaza nyumba vumbi ambalo halitakiwi mapafuni. Suluhisho lilitoka kwenye friji. Lami ikiganda huwa kama kioo. Nilivifunga vipande vinane vinane ndani ya mifuko, nikavilaza kwenye sehemu ya kugandishia kando ya nyama na samaki, na kila alfajiri nikavitoa, nikavilowesha kidogo ili pasiwe na vumbi, na kuipiga lami kwa tindo pana. Ilibanduka kwa vigae vikubwa, nami nikaikusanya kwenye gazeti lenye unyevu. Kazi hiyo ilichukua siku kumi, na kwa muda wote huo binti yangu alikuwa akifungua friji na kuuliza leo tunakula mbao gani. Kati ya vipande zaidi ya mia, 63 vilifaa. Vingine vilikuwa na vitundu vya bungua, na kwa vile unga mweupe laini ulikuwa ukimwagika kila vilipogongwa, maana yake mdudu alikuwa bado yumo, sikuvipeleka ndani ya nyumba hata kidogo.

Vilivyobaki vilikaa sebuleni wiki tatu vizoee hewa. Kisha mzee alivipanga kwa mtindo wa mifupa ya samaki juu ya plaiwudi ya milimita 18, yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Kabla ya kupaka gundi, alifuta kila kipande kwa tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, kwa sababu mvule una mafuta yake ya asili yanayoizuia gundi isishike, na baada ya kubandika alizungushia ukingo wa mbao nyembamba ya mvule uo huo. Mimi nilitaka vanishi inayong'aa. Yeye alikataa, akasema nitakuwa nimeifanya ifanane na kaunta ya hoteli, tukakubaliana juu ya mafuta ya kitani, tabaka nne, kila moja ikikauka kwa siku moja au mbili. Alinionya jambo moja ambalo nalirudia kwa kila anayeniuliza: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye pipa, kwani hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Huvianika vikiwa vimetandazwa nje, au kuvizamisha ndani ya ndoo ya maji.

Mimi ni karani wa hesabu, kwa hiyo gharama niliziandika zote. Miguu ilikuwa shilingi 1,400, magunia ya sakafu 1,000, plaiwudi 1,900, gundi, msasa, rangi na mafuta 2,600, na siku mbili za seremala 3,000, jumla 9,900. Siku zangu kumi za lami sikuzihesabu, na lile kabati lililoharibika nimeliacha nje kwa makusudi.

Baada ya meza, vitu vingine vilikuja kwa urahisi. Sanduku langu la bati la shule ya bweni, lenye jina langu kwa rangi nyeupe na kufuli lisilo na ufunguo, sasa ni meza ya chini ya sebule. Nililiosha, nikalipaka nta ya nyuki na kuacha kila mbonyeo mahali pake. Taa ya chemli iko ukutani ikiwa na balbu ya umeme.

Mlango wa nakshi wa Pwani, ambao dalali mmoja alinitolea kama kichwa cha kitanda, niliukataa. Nilikuwa nimesoma kwamba Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inautambua mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa, na dalali hakuweza kunieleza ulikong'olewa wapi. Zaidi ya hayo, mbao iliyoishi kwenye unyevu wa bahari ikiletwa kwenye ukavu wa Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hujikunja na kupasuka, na sikutaka kuwa mtu aliyeupasua mlango wa namna hiyo ili apate pa kuegemeza mto.

Binti yangu alifanyia kazi zake za shule kwenye meza ile kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, mguu wake ukikanyaga kikanyagio bila yeye kujijua, gurudumu likizunguka kwa sauti ndogo ya mafuta. Kisha, Januari 2024, fundi wa nguo anayeshonea kwenye kibanda kilicho mkabala na geti letu alibisha hodi. Fimbo inayounganisha kikanyagio na gurudumu la cherehani yake ilikuwa imevunjika, sare za shule zilikuwa zimerundikana, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba kwangu kuna Singer isiyoshona. Nililala chini ya meza na bisibisi. Fimbo ilitoka kwa skrubu mbili, nikaifuta vumbi na kumpa, naye akaenda nayo mbio akiahidi kunishonea mapazia. Kikanyagio changu sasa kimelala chini, hakipandi wala hakishuki, na mapazia bado nayangoja.