Wino wa kijani

Nilikuwa na miaka 16, umri ule ule wa Holden Caulfield, msimulizi wa riwaya tuliyokuwa tunasoma, siku mwalimu wetu wa fasihi alipoingia darasani akatuuliza: "Haya, huyu kijana ana tatizo gani?"

Tulikuwa tumepewa wiki mbili kusoma The Catcher in the Rye, riwaya ya J. D. Salinger iliyotoka mwaka 1951. Mikono ikanyooshwa. Mmoja akasema ni mvivu, kafeli masomo manne kati ya matano, kafukuzwa shule. Mwingine akasema kadekezwa: kwao wana uwezo, ana hela mfukoni, halafu anazurura New York siku mbili tatu akilalamika kwamba kila mtu ni mnafiki. Msichana wa dawati la mbele akasema hana shukrani. Mwalimu akawa anayaandika ubaoni, moja chini ya lingine, na kila neno lililoongezeka nililisikia kama ninasemwa mimi.

Mwaka ule nilikuwa siongei na watu. Nilikula upesi ili niondoke mezani kabla hawajakaa wengine. Kwenye ripoti yangu waliandika kwamba nimebadilika na sijitumi. Walijua kilichotokea nyumbani, ila miezi kumi ilishapita, na nadhani waliona imetosha.

Nikanyoosha mkono.

"Amefiwa," nikasema.

Mwalimu akageuka, chaki mkononi. Akaniuliza nimeyaona wapi hayo.

Nikafungua sura ya tano. Hapo Holden anamwandikia insha mwenzake wa bweni. Kaambiwa aeleze chumba au nyumba. Yeye anaeleza glavu ya besiboli ya mdogo wake, Allie. Glavu ya mtu wa mashoto, vidole vyote na kiganja vimejaa mashairi, kwa wino wa kijani, ili Allie awe na cha kusoma akiwa uwanjani na mpira haujaanza kupigwa. Allie alikufa kwa saratani ya damu Julai 18, 1946. Alikuwa na miaka 11. Usiku ule Holden, mwenye miaka 13, alilala gereji, akavunja vioo vya madirisha kwa ngumi mpaka mkono ukaharibika moja kwa moja. Anayasimulia haya kwa kifupi sana, kisha anaendelea na mambo mengine, na ndiyo maana wengi wanapapita. Nimekutana na watu wazima wanaosema kitabu hiki ni cha ujana, ukikua kinakuchosha. Sikubaliani nao hata kidogo. Nadhani hapo walipapita wao pia.

Nilisoma kwa sauti. Nikafika pale mwenzake anapopewa ile insha na kukasirika kwamba siyo aliyoagiza, na Holden anaichukua na kuichana vipande. Sauti ikanikatika. Sikuweza kuendelea, na kukaa chini nako sikuweza; nilibaki nimesimama na kitabu kinatetemeka. Mwalimu akaja, akakipokea taratibu, akamalizia yeye ukurasa uliobaki.

Kisha kimya. Wiki nzima tulikuwa tumecheka wale bata wa bwawa la Central Park, bustani ya New York, jinsi Holden anavyowauliza madereva wa teksi wanakwenda wapi maji yakiganda. Dereva mmoja anamkasirikia, na sisi tulimwona dereva ana haki. Sasa yule msichana wa mbele akasema, "Kumbe hata wale bata..." Hakumaliza. Mwalimu naye hakumdai amalizie.

Kengele ilipolia wenzangu walitoka bila kelele zao za kawaida. Niliyekuwa nakaa naye dawati moja tangu mwaka uanze hakutoka. Alikuwa anakuna ukingo wa meza kwa kucha. Halafu akaniuliza, "Na wako alikuwa anaitwa nani?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote walikuwa wamenipa pole. Nikamtajia jina. Nikamwambia alikuwa na miaka minane, na kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri ila herufi ya S kwenye jina lake aliigeuza, ikawa inaangalia nyuma, na hata arekebishwe vipi kesho yake aliirudia vile vile.

Akavuta daftari langu, akachukua kalamu. "Hivi?"

"Hapana," nikasema. "Tumbo lake lilikuwa kubwa zaidi."

Akaandika nyingine.