Kapu la Euro 110

Jumamosi nusura nigombane na mtu sokoni Westport, mji wa jimbo la Mayo huku Ireland. Kapu la fito, la kutia vitunguu tu, euro 110! Nikamuuliza yule mama mara mbili, nikidhani sijasikia vizuri, maana Kiingereza cha Mayo kina mashimo yake. Nikamwambia kwetu Wete kwa pesa hizo nafunga robota la mikeka na kijana wa kulibeba juu. Akatabasamu, akageukia mteja mwingine.

Nikaingia kazini nimenuna. Mzee ninayemhudumia, wa miaka 88, anataka nimwite kwa jina lake kavukavu. Ulimi umekataa, namwita Mzee, kalizoea. Kumsimulia, akacheka, kisha akaanza kunifundisha.

Fito za sally, mti wa jamii ya mierebi, hukatwa wakati wa baridi, majani yakishapukutika. Baba yake alizichomeka wima ardhini kwa duara, akasuka kuanzia mdomoni kupanda juu, kitako mwisho. Ukiling'oa na kulipindua, tenga hilo. Mawili yakining'inia huku na huku ya punda, kama shogi letu, ndiyo yaliyobeba udongo mweusi wa kinamasini, ule unaokatwa kama matofali, ukakaushwa na kuchomwa badala ya kuni. Mengine yalikuwa na kitako cha kufunguka: unafungua, mzigo unamwagika wenyewe. Na kulikuwa na kapu la kina kifupi la kuchujia viazi. Maji yakishatoka, linakaa juu ya chungu, watu wanalizunguka, wanakula kwa mikono. Nikamwambia, Mzee, hiyo ni sinia. Nyinyi ni watu wa kwetu mliopotea njia.

Mwezi uliopita nilimpeleka makumbusho ya Turlough, karibu na Castlebar (kiingilio bure, jamani). Alisimama mbele ya makapu muda mrefu, akanung'unika kwamba yao yalibeba samadi, haya yanatazamwa tu.

Sasa hesabu. Mshahara wa chini hapa mwaka 2025 ulikuwa euro 13.50 kwa saa. Kapu lile ni kazi ya saa 8 hivi, na Mzee anasema hapo hujagusa kukata fito wala kuziloweka. Marehemu bibi alisuka ukili wiki nzima, akaja mnunuzi akateremsha bei mpaka aibu, nasi tukashukuru kwamba mkeka umetoka. Juzi sokoni mnunuzi yule nilikuwa mimi. Hilo ndilo linaloniwasha.

Mnaoniuliza inboksi habari za vibali: njooni, lakini huku vijijini jifunzeni gari mapema, basi likikupita umelala hapo hapo. Na mkono wako ukijua kusuka, sema. Mimi niliona haya, nikaficha miaka 3.

Jana nimemaliza kapu langu la kwanza la fito, Mzee akiniamuru kutoka kitini. Limelalia upande mmoja kama jahazi lililopwelewa. Akaniuliza nauza bei gani. Euro 110, nikamwambia. Alicheka mpaka nikamletea maji.