Wino mwekundu

"Programu iliandikwa na nani?"

Tangu Jumapili swali hili linanizunguka. Naosha vyombo, lipo. Nimening'inia kwenye daladala, lipo. Shangazi hakupaza hata sauti, na hapo ndipo panapouma. Angefoka kama alivyozoea, ningecheka yakaisha.

Mnaujua ukatibu wangu wa kikoba, ule niliopewa kwa sababu "wewe si una kompyuta?" Nilichoka kupanga jedwali la marejesho kwa mkono kila wiki, nikaandika programu fupi ya Python: inasoma hesabu za mweka hazina, inatoa faili la Word lenye majina, hisa na madeni, tarakimu zote zimeegemea kulia. Wiki hii nikaongeza mbwembwe. Aliyechelewesha marejesho, jina lake litoke jekundu. Msimbo wa rangi C00000, wekundu uliokolea. Nikajiona fundi.

Karatasi ikabandikwa ukutani kabla ya kikao. Shangazi akavaa miwani, akaisogelea, akasimama nayo muda mrefu.

"Mwanangu, jina langu limefanya nini?"

"Shikamoo shangazi. Nyekundu ni wenye deni."

"Marahaba. Nililipa Alhamisi." Tayari mkono uko kwenye mkoba, risiti inatoka imekunjwa mara nne.

"Basi si mimi shangazi, ni programu."

"Programu iliandikwa na nani?"

Akaenda kukaa nyuma kabisa, yeye ambaye kiti chake ni cha mbele tangu kikoba kianze. Mwalimu mstaafu. Nani anaujua wino mwekundu kumshinda yeye?

Wiki hiyo hiyo ililetwa barua ya posa ya Zaina, na kazini tukahamishiwa ghorofa ya juu. Mimi usiku niko kwenye msimbo.

Kosa nililipata Jumanne. Kwenye Word, rangi ya herufi haikai kwenye kisanduku cha jedwali. Ndani ya kisanduku mna aya, ndani ya aya mna vipande vya maandishi, na kipande ndicho chenye rangi, unene na ukubwa. Kuegemea kulia ni kwa aya. Mwanzoni nilikuwa napaka rangi kwanza, kisha naweka jina kwa amri ya cell.text, na rangi inapotea. Kumbe amri ile inafuta kila kilichomo kisandukuni na kuweka aya mpya yenye kipande kipya kisicho na pambo lolote. Kwa haraka zangu (kikao saa kumi, sijapiga pasi) nikaandika mzunguko wa pili, yaani amri inayojirudia mstari kwa mstari, wa kupaka rangi baada ya majina kukaa. Mzunguko wa kwanza ulikumbuka kwamba mstari namba 0 ni wa vichwa vya jedwali, kwa hiyo mwanachama wa kwanza yuko mstari namba 1. Wa pili sikuukumbusha kuongeza hiyo 1. Rangi yote ikapanda mstari mmoja juu.

Wadaiwa walikuwa wanne. Wote wanne wakatoka weusi safi, na wanne waliowatangulia kwenye orodha wakabeba. Saa sita usiku nilicheka peke yangu mpaka Zaina akagonga ukuta. Shangazi hana kosa! Kesho naenda kwake na kilo mbili za sukari, namweleza, yanaisha.

Kisha nikatazama jina lililo chini ya la shangazi.

Ni mama yake mchumba wa Zaina.

Nimeongeza ile +1 iliyosahaulika, nikakaa nikiitazama, nikaufuta mzunguko mzima. Sasa kiasi cha deni kinatoka kwa herufi nene na majina yote ni meusi. Mweka hazina anasema nimeogopa. Nimeogopa, ndiyo, mahari haijazungumzwa bado.

Sukari nilipeleka. Shangazi aliipokea, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Kwa hiyo wekundu ulipanda mstari mmoja?" Nikasema ndiyo. Akasema "haa," akainuka kuweka chai. Ile karatasi ya Jumapili sijaiona ukutani tangu siku ile, na sijathubutu kuuliza nani kaibandua.

Halafu paka hajarudi tangu juzi. Bakuli lake la dagaa limejaa sisimizi, na jirani wa nyuma ametega sumu ya panya.