Usiku wa hati ya nyumba

Binti wa kaka yangu amenitumia karatasi za vyuo viwili. Kimoja kiko hapa mkoani, kingine kiko Marekani, na hicho cha pili kinamwahidi uuguzi kwa muda mfupi kwa sababu tayari ana shahada ya biashara. Chini akaandika: "Shikamoo shangazi. Wewe hesabu ulizipigaje?"

Hesabu zile alizipiga mjomba, mwaka 2018, chini kwenye mkeka, sebuleni kwa mama huko Ngamiani, Tanga.

Wakati huo bado niko dirishani, naandikisha wagonjwa. Mshahara ni laki nne na ishirini, na kila mwezi elfu sitini na tatu zinakwenda Bodi ya Mikopo kabla sijaziona. Ndiyo ile asilimia 15 iliyoletwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, nikilipia shahada ya sosholojia niliyosomea Dodoma. Tena palikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuja kufutwa 2021. Aliyekatwa miaka ile anajua: unalipa, unauliza salio, unaambiwa deni halijapungua kama ulivyodhani.

Uuguzi niliupendea pale pale dirishani. Kulikuwa na sista wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, akimpokea mjamzito mwenye uchungu anamshika kiuno kwa mkono mmoja, anampangusa jasho kwa mkono mwingine, na yule dada anaanza kupumua vizuri. Nilitaka kujua anachokijua yeye.

Binamu yangu yuko Marekani miaka mingi. Ndiye aliyeniambia kuwa kule mtu mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kusomea uuguzi kwa miezi 12 hadi 18, akafanya mtihani wa leseni wanaouita NCLEX, akaanza kazi. Hapa kwetu stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka 3, na shahada yangu ya sosholojia isingenipunguzia hata muhula mmoja. Wangeniangalia zile D zangu za Fizikia na Kemia za kidato cha nne, nikaanze na watoto waliomaliza shule juzi. Nilikuwa na miaka 29. Miaka mitatu niliiona mirefu mno.

Basi tukakaa kikao baada ya Isha. Mama alikuwa ameshaloweka mchele wa vitumbua vya asubuhi. Tukampigia binamu, simu tukaiweka ndani ya bakuli la kauri ili sauti ivume, sote tukaliinamia lile bakuli. Mjomba alivaa miwani yake, akafungua daftari la mchezo wa akina mama, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, akageuza mpaka ukurasa wa nyuma ulio mtupu.

"Haya, soma," akamwambia mwanawe.

Binamu akasoma ile barua ya chuo polepole. Ada, dola 42,000. Mjomba akauliza dola inakwendaje. Shilingi 2,270 hivi. Akazidisha kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, midomo ikicheza, akafika kwenye milioni 95 na ushee. Akaipigia mstari chini.

"Atafanya kazi huku anasoma?"

"Haitawezekana, baba. Kozi yenyewe imebanwa, wanafunzi wanaambiwa wasishike kazi. Halafu viza ya mwanafunzi inamruhusu saa 20 tu kwa wiki, tena kazi za humo humo chuoni."

"Serikali yao haimkopeshi?"

"Mgeni hakopeshwi na serikali. Atakopa benki. Na benki inataka mdhamini mkazi wa huku."

"Nani?"

"Mimi."

Mjomba akavua miwani. "Na akishindwa kulipa?"

"Wananidai mimi, baba. Deni linakuwa la jina lake na la jina langu."

Hapo ndipo alipoanza ile hesabu ambayo mpaka leo naiona mwandiko wake. Tuseme nalipa laki tano kila mwezi, bila kukosa hata mmoja. Miezi 190. Akagawa kwa 12. Miaka karibu 16. "Na riba hatujaigusa," akasema, akilielekea bakuli kana kwamba ndilo lililompa habari. Binamu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba riba huanza kuhesabiwa siku pesa inapotoka, hata kama mwanafunzi bado yuko darasani.

Mama alinyanyuka akaingia chumbani. Tukasikia kufuli la sanduku. Akarudi na kifurushi cha kanga, akakifungua tabaka moja baada ya jingine, mfuko wa nailoni ukatokea, na ndani yake hati ya nyumba. Nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa kiinua mgongo cha bandari. Picha yake ndogo, ya kitambulisho, ilikuwa imebanwa kwenye kona ya juu. Akaiweka hati katikati ya mkeka, karibu na bakuli.

"Hii ya nauli na ya kula," akasema. "Benki waishike. Mwanangu akasome."

Mjomba hakuigusa. Alimwangalia dada yake muda mrefu.

"Dada, kozi ni ya haraka. Deni nalo ni la haraka?"

"Mie hesabu sizijui," mama akajibu. "Najua anachokitaka mtoto."

Nikamuuliza binamu nikimaliza nitaruhusiwa kukaa kazini muda gani. Akasema mwaka mmoja, kisha nitafute mwajiri wa kunishughulikia vibali. Nikauliza nikianguka somo moja itakuwaje. Akasema mara nyingi unasubiri kundi lijalo. Nilitazama pale mkekani: hati, picha ya baba, daftari lenye miezi 190. Mwaka mmoja wa kazi ubebe miaka 16 ya deni, na nikiteleza kidogo tu wanatafutwa watu wawili ambao hawajawahi kuingia darasani na mimi.

Nikasema nitasoma hapa hapa.

Nikasoma. Ada tulilipa kwa awamu, kwa akiba yangu, kwa mchezo, kwa vitumbua vya mama. Leseni nikapata, ajira ikachelewa, mkataba ukaja, na sasa niko wodi ya wazazi. Makato ya Bodi yamerudi kwenye mshahara. Kwa wadogo wa binti yetu mambo yamebadilika: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi imeanza kukopesha hata stashahada za afya. Nafurahi, na bado nataka kila mmoja wao aulize jina la pili kwenye karatasi ya mkopo ni la nani.

Lakini siwezi kumwambia asiende. Binamu anamfahamu mwenzake aliyepita kozi ile ile, akamaliza, akapata vibali, akalipa deni lote, na leo anasomesha wadogo zake. Hesabu ya mjomba ingekuwa ile ile kwa yule pia.

Mwaka jana binamu alikuja Tanga kwenye arusi. Tukiwa tumekaa nje, akaniambia jambo ambalo hakulisema usiku ule: kwamba fomu ya udhamini alikuwa ameshaisaini, ipo mezani kwake, anasubiri jibu langu tu aitume. Koo likanikauka. Nilipoweza kusema, nikamuuliza kama mkewe alijua.

Akasema alikusudia kumwambia baadaye.