Mtetemo wa propela shafti baada ya kuinua gari: jinsi nilivyoumaliza

Gari langu lina ekseli nzima mbele na nyuma, linasukuma magurudumu yote manne muda wote, na springi zake ni za koili. Niliposhafunga springi na shokapu za kuliinua sentimita 5, lilisimama vizuri na kuchukua kona vizuri, ila kuanzia kilomita 75 kwa saa sakafu ilianza kutetemeka. Kufika 90, kioo cha katikati kilikuwa hakisomeki. Chini ya 70, kimya kabisa.

Ukiuliza watu, wengi watakwambia kapige balansi ya matairi. Si ushauri mbaya, lakini mtetemo wenyewe unasema unatoka wapi ukiusikiliza kwa hesabu. Tairi zangu zina kipenyo cha sentimita 76, kwa hiyo zunguko moja ni kama mita 2.4. Kwenye kilomita 90 kwa saa, gari linakwenda mita 25 kwa sekunde, yaani tairi linazunguka kama mara 10 na nusu. Difu yangu (kasha la gia katikati ya ekseli) ina uwiano wa 4.1, kwa hiyo propela shafti, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye ekseli, inazunguka kama mara 43 kwa sekunde hiyohiyo. Tairi likiwa na kasoro, utahisi mapigo mazito kama kumi kwa sekunde, unaweza karibu kuyahesabu kwa mkono ulioshika usukani. Shafti ikikosa balansi, ni 43. Na pembe za krosi (viungo vinavyokunjika kwenye ncha za shafti) zikiwa mbaya, ni mara mbili ya hapo, 86, kwa sababu krosi huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila zunguko.

Nilimwomba mwenzangu akae pembeni na simu yenye programu ya kuchambua sauti. Mlima uliosimama juu kwenye kioo cha simu ulikuwa kwenye mapigo 85 hivi kwa sekunde, na uliteremka kadiri mwendo ulivyopungua. Tukaweka gia huru tukiwa kwenye mwendo uleule, injini ikashuka hadi mzunguko wake wa chini kabisa, mtetemo ukapungua lakini haukuondoka. Kwa hiyo si injini, na si matairi.

Kitu kingine nilichokiandika kwenye daftari kiliniokolea kazi kubwa baadaye: nikikanyaga mafuta mtetemo unazidi, nikiachia unapungua. Unapokanyaga, difu ya nyuma inajaribu kujizungusha na pua yake, pale shafti inapoingia, kuinuka. Ukiachia, pua inashuka. Mtetemo unaozidi kwenye mafuta unaashiria pua iliyokwisha kuwa juu mno tangu gari likiwa limesimama.

Bado ilibidi nijue ni shafti ya mbele au ya nyuma, maana kwenye gari la aina hii zote mbili zinazunguka wakati wote. Nilifungua shafti ya mbele nikaitoa, nikafunga difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), nikaendesha kwa nguvu ya nyuma peke yake. Mtetemo ulikuwa palepale, kwa hiyo ni shafti ya nyuma. Anayetaka kujaribu hili asisahau: shafti moja ikiwa nje na difu ya kati ikiwa wazi, kuweka gia kwenye P hakuzuii gari, linaweza kuteleza na kuondoka. Hendibreki, na vizuizi kwenye magurudumu, kila mara.

Nikaja kwenye vipimo, na hapa ndipo ningemshauri mtu atumie muda wake mwingi. Gari lisimame sehemu tambarare likiwa limelalia magurudumu yake. Ukiliinua kwa jeki chini ya chesisi, ekseli inaning'inia na kila pembe utakayosoma ni ya uongo. Nilitumia kipimo cha pembe cha kidijitali chenye sumaku. Kwanza nilisafisha flanji (sahani ya kufungia shafti) ya transfa, yaani kasha linalopeleka nguvu mbele na nyuma, kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, maana chembe ya kutu chini ya kipimo inatosha kukuongopea nusu digrii. Nikasoma: transfa imeinama digrii 3.2, shafti 9.6, pua ya difu imeinuka 5.9.

Sasa toa moja kwa nyingine. Krosi ya mbele ya shafti inafanya kazi kwa 9.6 kutoa 3.2, ambayo ni 6.4. Ya nyuma ni 9.6 kutoa 5.9, yaani 3.7. Tofauti ni digrii 2.7. Shafti yenye krosi moja kila ncha inategemea krosi ya pili ifute kuyumba kwa mwendo kunakoletwa na ya kwanza, na hilo linawezekana tu pembe mbili zikilingana. Watengenezaji hutaka tofauti isizidi digrii 1. Kuyumba kwenyewe kunaonekana kudogo, kama nusu asilimia tu kwa pembe ya digrii 6. Lakini ukiongeza pembe mara mbili kuyumba kunaongezeka karibu mara nne, na chuma kizito kinachozunguka mara 43 kwa sekunde hakisamehi hata nusu asilimia.

Kwa nini pua ilipanda? Ukilala chini ya gari utaiona sababu kwa macho. Mikono ya chini ya ekseli (vyuma vinavyoiunganisha na chesisi), ambayo zamani ilikuwa karibu imelala, sasa imeinama sana kuelekea nyuma. Ikiinama hivyo inavuta sehemu ya chini ya ekseli mbele, na pua ya difu inaelekea juu. Dawa ni kufupisha mikono ya juu au kurefusha ya chini. Nilinunua ya juu inayorekebishika, yenye nyuzi katikati. (Gari lenye springi za mabamba hupewa kabari za chuma kati ya springi na ekseli, kazi ni ileile.)

Kabla ya kufungua shafti ya nyuma niliichora mstari wa rangi unaovuka kwenye splaini (meno ya kuungia), na mwingine kwenye kila flanji. Shafti ile ina vipande viwili vinavyoingiana, na masikio ya krosi ya pande zote mbili lazima yaelekee upande mmoja. Fundi akiichomoa kuipaka grisi na kuirudisha ikiwa imeruka meno kadhaa, utahangaika na pembe mwaka mzima bila faida. Krosi nilizibadilisha. Nilipozikunja kwa mkono nilihisi vishimo pale sindano za beringi zilipokuwa zimekaa miaka yote kwenye pembe moja, na krosi yenye vishimo ukiipeleka kwenye pembe mpya inagoma.

Nilifupisha mikono ya juu kidogokidogo, huku nikishusha gari na kupima kila mara, mpaka pua ikakaa 2.6. Niliiacha pembe yake iwe ndogo kuliko ile ya transfa kwa makusudi ili ikiinuka kwenye mafuta ikutane nayo. Shafti ilisimama kwenye 9.8. Pembe za krosi zikawa 6.6 na 7.2. Zinalingana, na mtetemo mkubwa uliondoka siku hiyohiyo, lakini kwenye 90 bado kulikuwa na mvumo wa chini.

Mvumo huo ulikuwa na maana. Hata pembe zikilingana, shafti yenyewe katikati bado inayumba, na kwa mizunguko 2,500 kwa dakika kikomo kinachokubalika ni kama digrii 7. Nilikuwa juu ya mstari. Niliweka spesa (vipande vya kuongeza nafasi) za milimita 20 kati ya chesisi na mhimili unaobeba transfa. Nilifanya hivyo kwa kusitasita, kwa kuwa kushusha transfa kunainamisha injini nzima, na ni lazima ukague feni, bomba la ekzosi, mabomba ya maji na fimbo ya gia kama havigusi kitu. Kwangu vilikuwa salama. Transfa ikawa 4.1, shafti 8.7, nikarekebisha pua hadi 3.6. Krosi zikabaki na 4.6 na 5.1. Nikapima na shafti ya mbele pia, kwa kuwa transfa ikishuka nyuma, mdomo wake wa mbele unainuka. Nayo ilikuwa ndani ya mipaka.

Bolti za mikono nilizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limelalia magurudumu. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi unabaki umejisokota na utachanika mapema.

Sasa 90 ni kimya, na 110 pia. Springi mpya hulala kidogo baada ya kutumika, kwa hiyo nilirudi na kipimo baadaye, safari hii na mizigo nyuma kama ninavyosafiri kawaida. Shafti ilikuwa imelala nusu digrii zaidi na krosi mbili bado zinalingana, nikaiacha ilivyo.